Tela la Pikipiki Libebe Dawa, Lisibebe Mgonjwa

Zahanati nyingi za vijijini nchini Tanzania hazina gari. Zenye bahati zina pikipiki, nayo mara nyingi ni ile ndefu ya njia zote, yenye matairi ya meno na tumbo lililoinuka juu ya ardhi, ambayo watu huiita XL au DT kwa kufuata matoleo ya Honda na Yamaha, hata inapokuwa ya kampuni nyingine. Pikipiki hiyo humpeleka mhudumu kwenye kliniki ya mkoba, huleta chanjo kutoka wilayani, hupeleka taarifa za mwezi, na siku nyingine hubeba mama mwenye uchungu akiwa amebanwa katikati ya mwendeshaji na shangazi yake. Si ajabu, basi, kwamba wazo la kuifungia tela dogo nyuma linawavutia wengi. Fundi wa kuchomelea hakosekani katika mji mdogo wowote, mabomba ya chuma yanauzwa, na gharama yake hailingani kabisa na bei ya gari.

Wazo lenyewe ni zuri. Kosa huanza pale chombo kimoja kinapopewa kazi mbili: mchana kibebe katoni za dawa, usiku kitandikwe godoro na kuitwa gari la wagonjwa. Kazi ya kwanza tela huiweza kuliko chombo kingine cha bei yake. Ya pili haliiwezi, na zahanati inayolilazimisha huweka hatarini watu wawili kwa pamoja, mgonjwa na mwendeshaji.

Faida ya tela haiko katika nguvu bali katika kimo. Boksi la kilo 30 likifungwa kwenye keria hukaa juu ya gurudumu la nyuma, karibu na kiuno cha mwendeshaji. Gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hukosa mshiko mchangani, na mguu unapokosa pa kukanyaga kwa uthabiti, mtu na mzigo huanguka pamoja. Mzigo huohuo ukiwa ndani ya tela hukaa chini, usawa wa ekseli, na mwendeshaji hubaki huru kuinuka na kuelemea upande anaotaka. Guta la magurudumu matatu hubeba zaidi, hilo halina ubishi. Lakini guta huhitaji njia pana, na kwenye miinuko ya Uluguru au kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, ambako njia ni upana wa mtu na kapu lake, halipiti. Isitoshe, guta hubaki guta siku zote, wakati tela hufunguliwa kwa dakika chache na pikipiki ikarudia kazi zake.

Matela yenyewe yako ya namna mbili. La gurudumu moja huinama pamoja na pikipiki na kufuata mkondo wake uleule; hilo ndilo la njia nyembamba, ingawa hubeba kidogo. La magurudumu mawili husimama lenyewe na hubeba zaidi, lakini huchora mistari mitatu barabarani badala ya mmoja, kwa hiyo shimo ambalo pikipiki imelikwepa, tela litaliingia. Hilo huhitaji kiungo kinachozunguka pande zote, kwa kuwa pikipiki lazima iiname kwenye kona na tela halipaswi kuinama nayo. Fundi asiyelijua hilo huchomelea kiungo kigumu kama cha mkokoteni wa ng'ombe. Gurudumu moja likipanda jiwe, msukosuko wote huingia kwenye fremu ya pikipiki na kumtupa aliyeketi juu.

Wala kiungo kisifungwe kwenye keria. Keria na vyuma vinavyoishikilia viliundwa kubeba uzito unaokandamiza chini, si kuvuta. Tela likikwama mara kadhaa, vyuma hivyo huanza kupasuka kimyakimya chini ya rangi. Mahali pa kiungo ni karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, au kwenye fremu kuu. Gurudumu la tela nalo likilingana na la nyuma la pikipiki, tyubu moja ya akiba hutosha kwa yote, jambo ambalo anayesukuma chombo kilomita kumi kwa mguu hulithamini sana. Ikumbukwe pia kwamba watengenezaji wengi wa pikipiki huonya katika vitabu vyao vya maelekezo kuwa vyombo vyao havikuundwa kuvuta tela. Onyo hilo halipaswi kupuuzwa kwa sababu tu limeandikwa kwa Kiingereza na kitabu kimefungiwa kabatini.

Namna ya kupanga mzigo huamua mengi. Kilicho kizito zaidi kikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee kiungo. Uzito ukirundikwa nyuma ya ekseli, mkia huanza kuyumba kwenye mteremko, na kuyumba huko hukua kadiri mwendo unavyoongezeka. Tela dogo kwa kawaida halina breki zake. Breki zilizoundwa kumsimamisha mtu na keria yake sasa huambiwa zisimamishe na kinachosukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana mteremko hushukwa kwa gia ndogo tangu mwanzo, kabla mwendo haujakolea.

Ndani ya tela viingie vitu vizito na visivyovunjika kirahisi: katoni za dripu, vyandarua, glavu, vipimo vya malaria. Mtungi wa oksijeni ulazwe na kukazwa kwa mikanda isiyopungua miwili, vali ikiwa imefunikwa kwa kofia yake, mbali na mafuta na grisi. Chanjo na oksitosini ni habari nyingine. Katika ngazi ya zahanati huhitaji nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na chanjo ya pentavalenti, ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda huharibika zikiganda. Kwa hiyo pakiti za barafu huachwa kwanza nje ya friza mpaka maji yasikike yakitikisika ndani yake. Kibebeo cha chanjo ni chepesi, na tela hurukaruka kuliko pikipiki. Kikae kwenye keria. Kwa utaratibu huo pikipiki hubeba kilicho laini na tela hubeba kilicho kizito, na mgawanyo huo pekee unatosha kuhalalisha gharama ya tela.

Safari ya kurudi wilayani nayo ina mzigo wake, nao husahaulika katika mipango. Kuna sampuli za makohozi, zinazopaswa kufungwa kwa tabaka tatu. Kuna masanduku ya sindano zilizotumika, yanayosubiri tanuri la kuchomea taka. Tela lililobeba masanduku hayo lisipakiwe dripu kabla ya kuoshwa kwa maji ya klorini na kukauka.

Sasa hesabu ya uzito. Uingereza, ambako lami hufika hadi mashambani, sheria huruhusu pikipiki kuvuta tela ikiwa tu injini yake inazidi sentimita za ujazo 125. Upana wa tela usizidi mita 1, na uzito wake pamoja na mzigo usizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kwa kuchukua kilicho kidogo. Kipimo hicho kikiletwa kwa pikipiki ya kilo 120, jumla inayokubalika ni kilo 80. Tela la mabomba ya chuma likiwa na kilo 30, kinachobaki ni kilo 50. Hizo zinatosha katoni nne za dripu, kila moja ikiwa na chupa 20 za nusu lita. Kwa mama mwenye mimba ya miezi tisa hazitoshi, hata kabla ya godoro na mfuko wa nguo za mtoto. Na hicho ni kipimo cha nchi ya lami, si cha udongo mweusi wa mbuga za Usukuma wakati wa mvua.

Katoni, tena, haigeuki. Mwenye kifafa cha mimba hupata degedege, na uzito wake wote hutikisika juu ya ekseli, jambo ambalo mwendeshaji hulihisi kama kuyumba kwa tela asijue chanzo chake. Mgonjwa huyo anahitaji kulazwa ubavu na njia yake ya hewa kulindwa, na hakuna wa kufanya hivyo. Anayetokwa damu baada ya kujifungua anahitaji mkono wa mkunga juu ya tumbo la uzazi na jicho la kupima damu inayopotea. Mjamzito akilazwa chali katika nafasi finyu, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na shinikizo la damu hushuka. Mwenye kofia ngumu kichwani, akiwa amekaza macho kwenye njia na injini ikinguruma chini yake, hasikii kwikwi ya mita mbili nyuma. Anaweza kufika hospitalini akiwa na furaha ya kuwahi, kumbe amefika na maiti.

Wanaotetea tela la wagonjwa hutaja Malawi, na wana haki ya kuitaja. Wilayani Mangochi, kati ya Oktoba 2001 na Septemba 2002, pikipiki tatu za wagonjwa ziliwekwa katika vituo vya afya vya mbali, na utafiti uliofuata ulionesha kuwa zilipunguza ucheleweshaji wa rufaa za uzazi kwa saa 2 hadi 4 na nusu, huku bei ya kununulia ikiwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Ni matokeo makubwa. Ila pikipiki zile zilikuwa na kigari cha pembeni, si tela. Katika kigari cha pembeni mgonjwa yuko ubavuni mwa mwendeshaji, machoni pake, na msindikizaji akiketi nyuma ya mwendeshaji mkono wake humfikia. Chombo chote ni kimoja, kimeungwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kuchukua sifa ya kigari cha pembeni na kuivika tela la mabomba ni kama kusoma maelekezo ya dawa moja na kumpa mgonjwa nyingine.

Halmashauri yenye fedha za kununua chombo cha pikipiki kwa ajili ya wagonjwa na inunue cha namna hiyo, pamoja na fungu la cheni, klachi na mafunzo ya mwendeshaji. Penye mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, namba 115 hupigwa bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Wanaoishi ng'ambo ya mto unaofurika wapangiwe mapema kuhamia nyumba ya mama ngojea wiki za mwisho, na mpango huo uandikwe kwenye kadi ya kliniki tangu mahudhurio ya awali, si siku ya uchungu. Njia ya mguu isiyopitika kwa gari ina machela na vijana wanne, ambao mwendo wao ni wa polepole lakini mkunga anaweza kutembea kando yake.

Itatokea hata hivyo, usiku mmoja, ndugu watakaposimama mlangoni mwa zahanati wakiona tela liko pale na kuuliza kwa nini halifungwi. Swali lao ni la haki na hustahili jibu kabla ya usiku huo: kwenye mkutano wa kijiji, likitolewa na mganga mfawidhi mwenyewe, pamoja na namba ya dereva wa jamii iliyobandikwa ukutani. Ubavuni mwa tela yaandikwe kwa rangi inayoonekana uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba, na neno MIZIGO.