Mama Anapokimbia: Soli Nyembamba, Hatua Fupi

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tuliliacha tulipoolewa, yaani kukimbia. Tulipokuwa wasichana tulikimbia kwenda shule, kisimani na dukani. Leo tukimkimbilia mtoto anayeelekea barabarani, tunahema hata hatuwezi kumkemea!

Baadhi yetu tumeanza tena, alfajiri kabla watoto hawajaamka, katika vijia vya mashambani na mlimani. Huko tumekutana na viatu vya namna nyingine: raba nyepesi zenye soli nyembamba, zisizoinua kisigino, zinazokunjika mkononi kama chapati. Tunaambiwa kwamba ukizivaa utakimbia kama mtu alivyoumbwa kukimbia. Je, ni kweli?

Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rome akiwa miguu mitupu. Mwaka 1964 alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu. Basi tangu mwanzo tujue kwamba kiatu hakimfanyi mtu kuwa mkimbiaji.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walieleza walivyowachunguza wakimbiaji wa Kenya na Marekani. Waliozoea miguu mitupu mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hawakupata ule mshindo wa ghafla unaompata mtu anayetua kwa kisigino. Wengi waliposikia hayo walizitupa raba zao nene. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwachunguza Wadaasanachi wa kaskazini mwa Kenya, waliozoea kutembea bila viatu, wakakuta kwamba wengi wao, wakikimbia mwendo wa kawaida, hutua kwa kisigino. Basi hakuna namna moja tu ya kutua.

Mwaka huo huo, huko Marekani, wakimbiaji 19 walihamia viatu vyembamba kwa majuma 10. Kumi kati yao walionekana kuwa na dalili za kuumia ndani ya mifupa ya miguu. Sisi wenyewe tulikosea hapo. Siku ya kwanza tulivaa viatu vyetu vipya tukashuka mlima mzima kwa furaha. Kwa majuma mawili tulishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mashavu ya miguu, na ndoo za maji zikabebwa na watoto. Mama akiumia, nyumba nzima huchechemea.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili viatu, badili mwendo. Fanya hivi:

Fupisha hatua. Hesabu mara ngapi mguu wa kulia unagusa chini kwa nusu dakika. Ukipata 40, jaribu kufika 42, baadaye 44, bila kuongeza kasi. Watafiti wameona kwamba badiliko dogo kama hili hupunguza mzigo kwenye magoti na nyonga.

Mguu utue karibu chini ya mwili wako, si mbali mbele, na goti likunjwe kidogo. Usijilazimishe kutua kwa vidole. Sikiliza hatua zako: kishindo kikubwa ni dalili kwamba unajitupa chini.

Katika kijia chenye mawe na mizizi, tazama hatua kadhaa mbele, si vidoleni. Ukipanda, fupisha hatua zaidi, na pakiwa pakali sana tembea; si aibu. Ukishuka, usivunje mwendo kwa kukaza visigino, bali piga hatua ndogo ndogo za haraka.

Ukishayazoea hayo, ndipo ujaribu soli nyembamba. Zivae kwanza nyumbani unapopika na kufagia, kwa majuma mawili. Kisha kimbia nazo dakika 5 tu, siku moja moja, ukiongeza kidogo kidogo kwa miezi, na uendelee na raba zako za zamani siku nyingine. Chagua zenye nafasi ya vidole kutanuka, na meno ya kushika matope. Ukisikia maumivu mahali pamoja juu ya mfupa wa mguu, yanayozidi ukibonyeza, acha kukimbia umwone daktari. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asizijaribu.

Na mama aliyejifungua? Mwaka 2019 wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza walishauri asirudi kukimbia kabla ya miezi 3. Na kama mkojo unakutoka ukikimbia, usinyamaze kwa haya. Wengi wetu tunayo shida hiyo, na ipo mazoezi ya kuisaidia. Mwambie mkunga au daktari.

Tusidanganyike, basi, kwamba soli itatufanyia kazi ya miguu. Mwenda pole hajikwai. Raba ulizo nazo zatosha kuanzia kesho alfajiri. Mwombe baba watoto awaangalie watoto kwa nusu saa, nawe uende ukahesabu hatua zako.