Madoa miguuni, kumbe chanzo ni moyo

Mtoto akitokwa na madoa mekundu au ya zambarau miguuni, wengi wetu hulaumu viroboto au sabuni mpya. Akiwa na homa, twasema ni malaria na kukimbilia duka la dawa.

Hebu lijaribu doa hilo. Libonyeze kwa gilasi ya kioo. Lisipofifia, damu imevuja ngozini. Kwenye ngozi nyeusi madoa hujificha, kwa hivyo angalia pia nyayo, viganja na ndani ya kope. Ikiwa kuna homa, nenda hospitali mara moja.

Sababu za madoa haya ni nyingi. Mojawapo ni viini vilivyoshambulia vali za moyo, yaani vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Kinga ya mwili inapopambana navyo, mabaki ya vita hivyo husafiri na damu, hunasa katika mishipa midogo ya ngozi na kuifanya ivimbe na kuvuja. Figo nazo huweza kudhurika.

Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa na kasoro ya moyo, waliowekewa vali bandia, na wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyofuata ugonjwa wa koo utotoni. Viini vingine hupitia meno yaliyooza na ufizi unaotoa damu.

Hatari ni kudhani kuwa madoa ni mzio tu. Mgonjwa akipewa steroidi peke yake, kinga hupungua na viini hupata nafasi ya kuzaana. Mweleze daktari homa imedumu siku ngapi, na kama kuna kukonda, jasho la usiku au kuishiwa na pumzi. Muulize kama moyo umesikilizwa, na kama damu itachukuliwa ili viini vioteshwe maabara kabla ya antibiotiki kuanza, kwani dawa ikitangulia viini huenda visionekane.

Kabla ya penisilini kuanza kutumika miaka ya 1940, karibu kila aliyeugua alifariki. Leo wengi hupona kwa antibiotiki za mshipani, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, ingawa baadhi huhitaji upasuaji.

Dalili ya mvua ni mawingu. Usiyapuuze madoa hayo.