Eti Anis ni "Mshairi wa Dini" Tu

Wasemao Kiurdu wana msemo wa zamani: mshairi aliyeharibikiwa huishia kutunga marsiya, na mwimbaji aliyeharibikiwa huishia kuzisoma. Marsiya ni tungo za kuomboleza Karbala, alikouawa Imam Hussein na watu wake wachache mwaka 680. Msemo huo umenichosha. Kinachonichosha zaidi ni kuusikia kwa sura mpya kutoka kwa wasomaji wenzangu: "Mir Anis? Aa, yule wa dini." Wakishasema hivyo wanarudi kwa Ghalib na mvinyo wake, roho kwatu.

Jamani. Anis alizaliwa Faizabad mwanzoni mwa karne ya 19, akafa Lucknow mwaka 1874. Babu yake, Mir Hasan, ndiye mtunzi wa Sihr-ul-Bayan, kisa cha mapenzi kinachosomwa mpaka leo. Baba yake, Mir Khaliq, alikuwa bingwa wa marsiya. Mtu wa nyumba hiyo hakukimbilia msibani kwa kukosa pa kwenda.

Hebu ipime kazi aliyojitwika. Wasikilizaji wote wanajua nani atakufa, na kwamba maji hayatafika. Wamelijua tangu utotoni, huna cha kuwaficha. Na bado unapanda mimbari kila Muharram, ubeti wa mistari sita juu ya ubeti wa mistari sita, na wanakaa. Anawashika kwa nini? Kwa asubuhi! Katika marsiya yake moja mashuhuri, yenye karibu beti 200, kabla damu haijamwagika anakaa na alfajiri ya jangwani: mwanga unaingia taratibu, umande, ndege, uzuri mtupu. Halafu jua linapanda, na joto lile analichora mpaka koo yako wewe msomaji inakauka. Mimi si Shia, na Kiurdu changu ni cha kuokoteza. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya David Matthews. Hata hivyo nilisimama kwenda kunywa maji. Nikaona haya kuyanywa.

Wako wenye hoja nzito kidogo. Wanasema wanawake wake wa Karbala wanaongea na kuagana kama mabibi wa Lucknow, si kama Waarabu wa karne ya saba. Ni kweli kabisa. Ila wanaiita kasoro, mimi naiita ushairi. Mtu hamlilii mgeni wa kitabuni, humlilia kaka anayeaga mlangoni kwa maneno yaleyale anayoyajua yeye. Na baada ya 1857, Waingereza walipoivunja Lucknow na Anis akaanza kusafiri kwenda kusoma Patna na Hyderabad, ni nani kati ya wasikilizaji wake hakujua maana ya nyumba iliyobomolewa?

Simtetei kwa kila kitu. Sifa za upanga na farasi zinarefuka mno, kuna beti naziruka bila kuomba radhi. Lakini Shibli Nomani, mwanachuoni wa Kisunni, mwaka 1907 alitoa kitabu kizima kumpima Anis na mpinzani wake Dabir, na kipimo chake kilikuwa lugha, picha na hisia. Msunni yule hakuhitaji kuwa wa madhehebu ya Anis ili aone mshairi. Sisi tunashindwa nini?

Tusijifanye ni ugonjwa wa Wahindi peke yao. Hemed Abdallah el Buhriy wa Tanga alitunga utenzi mzima wa Seyyidna Huseni. Tunapobishana kuhusu magwiji wa Kiswahili, mara ngapi umesikia utenzi huo ukitajwa? Umeachwa kabatini na vitabu vya sala, eti nao ni wa dini.

Anayebisha asome ile alfajiri ya Anis mpaka jua la mchana, asiruke hata ubeti. Akimaliza aje tugombane.