Tusikilizwe Kabla ya Bikoni: Ilani ya Wakazi wa Naliendele

Sisi wakazi wa Naliendele, wenye mashamba ya mikorosho, wapangaji, mama ntilie, bodaboda na vijana wanaotafuta ajira, tumeungana kudai jambo moja: Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani itusikilize kabla ramani ya viwanja haijachorwa, siyo baada ya bikoni kuchimbiwa.

Hatupingi maendeleo. Tunataka barabara, maji na viwanja vyenye hati. Mji unapanuka kuja kwetu, nasi tunaupokea. Tunachokataa ni kuwa wa mwisho kujua.

Mkoa huu umeshaonja maamuzi ya kushushwa kutoka juu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Wenyeji hawakuulizwa ulipokuja wala ulipoondoka. Kisha likaja bomba la gesi. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu waliandamana mjini Mtwara wakitaka kujua watanufaikaje kabla gesi ya Mnazi Bay haijapelekwa Dar es Salaam. Mei 2013, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni, mji uliwaka moto na watu wakafa. Hatutaki kurudi huko kamwe. Ndiyo maana tunasema mapema, kwa sauti, mchana kweupe.

Hapa Naliendele hakuna wa kutufundisha thamani ya mkorosho. Kituo cha utafiti kilichopo kwetu ndicho kilichotoa mbegu bora na mbinu za kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga. Mkorosho uliotunzwa huzaa miongo kadhaa; ukikatwa, inaondoka ada ya shule ya msimu baada ya msimu. Kwa hiyo mthamini wa fidia akiingia shambani, mwenye shamba awepo, ahesabu miti pamoja naye, na apewe nakala ya fomu aliyotia saini. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua posho ya usumbufu, usafiri, pango la nyumba la miezi 36, hata riba malipo yakichelewa kupita miezi sita. Bibi mwenye ekari mbili atayajuaje haya asipoambiwa? Yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya mthamini kufika.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, kwenye Baraza la Madiwani mwananchi hukaa akasikiliza. Anayesema ni diwani. Basi hoja zetu zitaanzia mkutano wa mtaa, ziandikwe kwenye muhtasari, zifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aingie barazani nazo mkononi. Akitoka, arudi kutueleza alijibiwa nini. Hatutatupa jiwe wala kuchoma ofisi. Tutahudhuria, tutaandika, tutauliza tena.

Ndugu zetu, akina mama, wazee wetu: mkutano wa mtaa ukitangazwa, msimwachie mwenyekiti peke yake. Njooni na karatasi zenu za shamba, njooni na vijana wanaoweza kusoma ramani, na mtakalolisema hakikisheni limeandikwa kwenye muhtasari kabla hamjaondoka.