Suuza Kinywa cha Mtoto kama Unavyosuuza Bomba



Kila shule zifungwapo nyumba zetu za mashambani hujaa wajukuu kutoka Nairobi, na wengi wao hutoka mitaa ya Eastlands na jirani zake: Buruburu, Umoja, Kayole, Mukuru. Baadhi yao huja na pampu ya pumu mfukoni, ile ambayo wengine huiita inhela. Nasikia watu wakisema ya kwamba pampu hiyo ndiyo inayoozesha meno ya watoto, na wako wazee wanaoificha ili mtoto asiitumie. Hao wameshika sehemu ndogo ya kweli na kuigeuza kuwa hatari kubwa.

Kwanza tuifahamu shida yenyewe. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule 2,373 wa Mukuru na Buruburu. Katika kila watoto 100 wa Mukuru, ambako hewa ni chafu zaidi, 9 au 10 walikuwa na kifua kinachopiga mluzi. Wa Buruburu walikuwa 6 hivi. Lakini waliokwisha kutambuliwa kuwa na pumu walikuwa mmoja tu hivi katika 100 huko Mukuru, na karibu 3 huko Buruburu. Maana yake ni kwamba palipo na shida nyingi ndipo ugonjwa usipojulikana. Basi mtoto aliyefika kwako na pampu ni mmoja wa wachache waliobahatika kutambuliwa na kupewa dawa. Ukimnyang'anya, umemrudisha kule kule alikotolewa.

Sasa tuje kwenye meno. Mlinzi wa meno ni mate. Mate huosha mabaki ya chakula na kupunguza ukali wa asidi inayotengenezwa na vijidudu vinapokula sukari. Mtoto mwenye pumu mara nyingi hupumua kwa kinywa, na kinywa hukauka. Dawa ya pampu inayofungua kifua huweza kupunguza mate. Pampu nyingine za unga zina sukari ya maziwa ndani yake. Dawa ya kuzuia pumu inayotumiwa kila siku, ikibaki kinywani, huweza kuleta utando mweupe wa kuvu. Tena dawa nyingi za maji za watoto hutiwa sukari. Mwaka 2011 watafiti wa Finland walijumlisha uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wakaona kwamba hatari ya meno kuoza kwa wenye pumu ilikuwa kama mara mbili ya wengine.

Je, tuache dawa? Hebu fikirini kazi yetu wenyewe. Mkulima wa viazi hupiga dawa ya ukungu, kisha husuuza bomba kwa maji safi, kwa maana anajua dawa ikikaa ndani italiharibu. Sijamwona mkulima aliyeacha kupiga dawa ili bomba lake lidumu, huku viazi vinakufa shambani. Kinywa cha mtoto nacho ni vivyo hivyo: dawa ipite, kisha maji.

Haya ndiyo ya kufanya, na hayahitaji fedha nyingi. Kila mtoto anapomaliza kuvuta dawa, mpe kikombe cha maji, asukutue na kutema. Aliye mdogo asiyeweza kutema, anywe maji. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala, apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, na baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu kingine ila maji. Dawa ya maji yenye sukari apewe kabla ya mswaki, si baada yake. Muulizeni mwuguzi habari za chupa ya kuvutia dawa, kwa maana hupunguza dawa inayobaki kinywani. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba hata chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, hufanya kazi hiyo sawasawa na ile ya dukani. Tena msimlaze mtoto huyo jikoni penye moshi wa kuni.

Jambo la mwisho huenda likawaudhi baadhi yenu. Bibi hupenda kumfurahisha mjukuu wa mjini: chai yenye vijiko vinne vya sukari, soda, peremende, muwa baada ya chakula. Kinywa kilichokwisha kukauka hakiwezi kujitetea mbele ya sukari nyingi hivyo. Nashangaa kwamba katika nyumba ile ile pampu hufichwa kabatini, na mkebe wa sukari husimama katikati ya meza. Ningependa kuona viwili hivi vikibadilishana mahali. Mkulima hakosi maziwa wala mayai, wala maji ya kunywa. Hivyo ndivyo vya kumkaribishia mgeni wetu mdogo.

Jino likioza daktari wa meno anaweza kuliziba au kuling'oa. Pumzi ikikatika usiku, nanyi mko maili nyingi mbali na hospitali, hakuna wa kuirudisha. Mwacheni mtoto na pampu yake, na kikombe cha maji kiwe karibu.