Je, Kipimo cha Asili ni Shahidi wa Nasaba?

Mwezi huu tumeona yatupasa kuijibu hadharani barua moja, kwa kuwa yaliyompata aliyeiandika yaweza kuzifikia nyumba nyingi za Waislamu wa mwambao. Jina lake tumelisitiri.

Bibi huyu ni mkaazi wa Mombasa. Wanawe wawili, wa kiume na wa kike, wanafanya kazi Uingereza. Huko walinunua kipimo cha vinasaba, kile kiitwacho DNA, wakatia mate katika vijichupa na kuvipeleka kwa posta. Majibu yaliporudi, kijana aliandikiwa kuwa asili yake ya Arabuni ni 18 kwa mia. Dada yake akaandikiwa 11. Tena wote wawili wameandikiwa Uajemi na Bara Hindi, ilhali jamaa wa upande wa baba husema siku zote kwamba wao ni watu wa Hadhramaut. Habari zilipofika nyumbani, wifi yake alisema mbele ya watu: "Hawa hawakuzaliwa na baba mmoja." Mume akanyamaza. Na bibi atuuliza: "Nimekaa na mume wangu miaka thelathini. Je, mate ya wanangu yana neno la kusema juu yangu?"

Twamjibu: hayana. Na sababu zake ni hizi.

Kwanza, yafaa ijulikane kipimo hiki hufanya nini. Katika mate ya mtu haikuandikwa nchi yoyote. Wenye makampuni wamekusanya vinasaba vya watu ambao jamaa zao wamekaa mahali pamoja vizazi vingi. Kisha mate ya mteja hulinganishwa na ya hao, na kompyuta hukadiria amefanana na wepi na kwa kiasi gani. Waliokusanywa kutoka Ulaya ni wengi mno, wa mwambao wetu ni wachache. Na mataifa jirani yaliyooana karne nyingi hufanana hata ikawa shida kuyatenga. Ndiyo maana mtu mmoja akipimwa na makampuni mawili hupata hesabu mbili, na kampuni ile ile huzibadilisha hesabu zake kila ipatapo watu wapya wa kulinganisha nao.

Pili, kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, lakini ndugu wawili hawapokei nusu ile ile. Mama wa nyumbani ataliona jambo hili jikoni kwake. Achanganye kunde, choroko na mbaazi katika gunia moja, achote kibaba kimoja, kisha achote cha pili. Gunia ni moja na mkono ni mmoja, lakini akihesabu punje, hesabu hazitalingana. Basi 18 na 11 ni vibaba viwili vya gunia moja. Udugu haupimwi kwa hesabu hizo hata kidogo. Mafundi huujua kwa kutazama vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki nusu hivi. Aliyesoma hesabu za nchi akatoa hukumu ya uzazi ni kama aliyetazama mizani ili ajue saa.

Tatu, habari ya Hadhramaut. Ukirudi nyuma vizazi 10, wazee wako wa kizazi hicho ni 1,024. Nasaba ya jina hufuata mmoja tu kati yao, baba kwa baba. Babu huyo aweza kuwa kweli alitoka Hadhramaut, na bado asiwe amemwachia binti huyu hata chembe. Kwa hiyo hesabu kuwa ndogo hakumfanyi mzee aliyeisimulia nasaba kuwa mwongo.

Na Uajemi na Bara Hindi vimetoka wapi? Mnamo Machi 2023 jarida la Nature lilitangaza uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, hasa katika miji ya mwambao kama Kilwa, Manda na Mtwapa iliyo jirani na Mombasa. Wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilitoka hasa kwa mabibi. Asili ya Asia ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanaume wa Kiajemi, pamoja na kiasi cha Kihindi. Na baada ya mwaka 1500 ndipo ya Kiarabu ilipozidi. Basi watoto hawa hawakuandikiwa jambo geni. Ila sisi wa mwambao tumezoea kumtaja babu aliyeshuka jahazini, tukawasahau mabibi waliompokea pwani.

Nne, na ndilo kubwa, ni sharia. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 2002, liliamua kwamba haifai kutegemea vinasaba peke yake ili kukana nasaba, wala kuvitumia kuhakikisha nasaba iliyokwisha kuthibiti. Watoto hawa wamezaliwa katika ndoa; nasaba yao imethibiti, wala hatumshauri bibi awapeleke wakapimwe tena. Na Qur'ani imemtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne. Kijichupa cha mate si hata mmoja wao.

Wifi na atubu, na alirudishe neno lake mbele ya wale wale waliolisikia. Vijana nao wajue kuwa karatasi ya kujifurahisha ugenini yaweza kuvunja nyumba ya wazee wao. Kabla ya kuituma, waifahamu. Na wewe, bwana uliyenyamaza: kunyamaza kwako ndiko kunakomuumiza bibi huyu kuliko maneno ya dada yako. Sema neno, na ulisemee sebuleni, watu wakiwapo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.