Khamri Ni Khamri, Hata Ikipambwa kwa Nanasi Juu ya Paa



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na Masahaba zake.

Hapa Kampala umeenea mtindo wa kualikana jioni kwenye baa zilizo juu ya mapaa ya maghorofa, Kololo na kwingineko. Mwaliko huja kwa simu: kokteli za majira ya joto, muziki, na taa za jiji kwa chini. Na katika wanaoalikwa wamo watoto wetu: mwanafunzi wa chuo aliyemaliza mitihani, binti aliyeajiriwa karibuni, kijana aliyekhitimu Qur'ani madrasa. Ukiwauliza, wanajibu: "Ustadh, mimi nakunywa juisi tu, nimefuata hewa na mandhari." Na wazazi wengi wanaridhika na jibu hilo. Mimi nasema halitoshi, na sababu zangu ni hizi.

KWANZA, matunda hayahalalishi kitu. Hata hilo jina la majira ya joto ni la kuazima, kwani Kampala ipo karibu na Ikweta, nasi tuna mvua na kiangazi tu. Kilichomo kwenye glasi ni pombe kali iliyofichwa ndani ya nanasi, pasheni na majani ya nanaa, ili asiyeizoea asisikie ukali wake. Tukumbuke kuwa siku khamri ilipoharamishwa Madina, kinywaji alichokuwa akiwamiminia watu kijana Anas bin Malik (R.A) kilitokana na tende. Tende ni tunda la baraka, lakini kilimwagwa mpaka kikatiririka njiani. Naye Sayyidna Umar (R.A) alieleza juu ya mimbari kuwa khamri ni kila kinachoifunika akili. Hakuuliza kimepambwa kwa nini.

PILI, kukaa pale kwenyewe kuna hukumu yake. Imepokewa na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W) alimkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa khamri. Makatazo hayo yanamhusu mkaaji, si mnywaji peke yake. Basi anayesema "nilikunywa juisi" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

TATU, tazama saa. Saa za bei nafuu, ambapo ukinunua glasi moja unapewa ya pili bure, aghalabu ni za jioni baada ya kazi. Na Maghribi ya Kampala, mwaka mzima, huingia baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi jioni. Ni kijana gani atakayeinuka katikati ya muziki na vicheko akaulize maji ya udhu yako wapi? Aya ya 91 ya Suratul Maida inatufahamisha kuwa shetani hutumia ulevi kutuzuia na kumkumbuka Allah na swala. Hapo hata asiyeonja tone ameshazuiwa.

NNE, tusidanganywe na utajiri. Mwaka 2019 serikali yetu ilipiga marufuku pombe ya viroba, na watu wengi walishangilia kwa sababu viroba vilikuwa vinawamaliza vijana wa mitaa ya maskini. Lakini waragi ile ile ikimiminwa kwenye glasi ndefu juu ya paa, kwa bei ya kulisha nyumba siku mbili, inaitwa ustaarabu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda juu kabisa duniani kwa unywaji, zaidi ya lita 19 za pombe halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Na mwaka 2023 shirika hilo lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Ini la tajiri na ini la maskini ni ini moja.

Wapo watakaosema: "Ustadh, unataka tujitenge na majirani zetu?" Hasha! Sensa ya 2014 ilituhesabu kiasi cha asilimia 14 ya Waganda. Tunasoma nao, tunafanya nao kazi, tunazikana. Ewe kijana, bosi wako akikualika kule juu, mshukuru kwa adabu, umwambie dini yako haikuruhusu, kisha umwombe mkutane kwa chakula cha mchana. Asiyekuheshimu kwa hilo hatakuheshimu kwa glasi ya juisi.

Na tusisahau tumetoka wapi. Katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza walikataa kula nyama ya Kabaka kwa sababu haikuchinjwa na Mwislamu. Waliuawa Namugongo. Wale walimkatalia mfalme mwenye kuua. Wetu wanashindwa kumkatalia rafiki mwenye simu!

Nanyi wazazi, lawama zisiwaendee vijana peke yao. Tukishaswali Isha tunafunga mageti ya misikiti, halafu tunauliza vijana wameenda wapi. Kijana anahitaji mahali pa kukaa na wenzake, acheke, ale, apige soga. Kwa nini nyua za misikiti yetu zisiwe na chai ya tangawizi, juisi ya pasheni na nyama choma Ijumaa usiku? Na anayetaka kuiona Kampala kutoka juu, aende Old Kampala apande mnara wa Msikiti wa Taifa, aione milima yote bila kunusa khamri.

Na Mwislamu mwenye jengo anayekodisha paa lake kwa baa, huku akitoa sadaka msikitini, aisome tena aya ya 2 ya Suratul Maida juu ya kutosaidiana katika dhambi. Kodi hiyo ndiyo inayomlisha mwanawe.

Usiku huu, baada ya chakula, muulizeni mtoto wenu kwa upole: jioni huwa unakaa wapi, na nani? Kisha msikilizeni mpaka amalize.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.